Chupa ya Nne

Kazini walimwita Bi Vipimo, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka sita hakuna chupa iliyotoka katika maabara ile ya ghorofa ya tatu bila yeye kuipima, kuipima tena, kisha kuiinua kwenye mwanga wa dirisha na kuikagua kama mama anayekagua masikio ya mtoto kabla hajaenda shule. Wenzake walimtania kwamba hata chai yake huitia kipima joto kwanza. Hakubisha. Aliwahi kufanya hivyo kweli, mara moja tu, na ndiyo hiyo hiyo wakamwona.

Dawa waliyokuwa wakiitengeneza ilitoka kwenye mzizi. Mzizi wenyewe ni wa njano na mchungu, na ukiukata mikono inabaki na rangi siku mbili. Ukisagwa na kuchujwa hutoa unga ambao, ukiutia kwenye kisahani chenye seli za saratani, seli hizo hufa moja baada ya nyingine. Shida ni kwamba mwili wa mtu si kisahani. Unga ule hauyeyuki kwenye maji. Ukimezwa hupita tu, na ule kidogo unaoingia kwenye damu huondolewa upesi kabla haujafika penye ugonjwa. Kazi ya maabara ilikuwa kuuvika koti la mafuta: kuufungia ndani ya chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba ukizipanga elfu moja kwa mstari ndiyo kwanza unapata unene wa unywele mmoja. Zikiwa hivyo husafiri kwenye damu bila kelele na kujipenyeza kwenye vimishipa vinavyolisha uvimbe. Wataalamu huziita chembe za nano. Bi Vipimo aliziita "watoto wangu", ila kimoyomoyo.

Ukubwa wake ulitakiwa kuwa nanomita mia moja na ishirini hivi. Ikizidi mia mbili, chupa inamwagwa. Hapo hapakuwa na mjadala.

Baada ya miaka ya vyombo vya kioo na panya, dawa ilikuwa imeruhusiwa kujaribiwa kwa wagonjwa wachache katika wodi iliyo ng'ambo ya ua. Na hapa ndipo Bi Vipimo alipofanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Mmoja wa wagonjwa wale alikuwa kaka yake.

Walikuwa watoto wa mama mmoja, baba mbalimbali, kwa hiyo majina ya ukoo hayakufanana na hakuna aliyeshtuka. Kaka alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa miraba minne, mdomo hauna breki. Ndiye aliyembeba mgongoni dada yake kwenda shule mvua ikinyesha, ndiye aliyembandika jina la Sisimizi kwa sababu ya udogo wake. Sasa saratani ya ini ilikuwa imemla mwili mpaka suruali anaifunga kwa kamba. Upasuaji haukuwezekana, na dawa mbili alizopewa hazikufua dafu. Bi Vipimo ndiye aliyempelekea tangazo la utafiti. Kaka alipimwa, akafaa, akasaini.

Wafanyakazi wote nao walisaini fomu yao. Swali la tano liliuliza: *Je, una ndugu wa karibu miongoni mwa wagonjwa?* Bi Vipimo aliishika kalamu kwa muda mrefu. Akisema ndiyo, atatolewa kwenye kazi hiyo, na chupa za kaka yake zitapimwa na mtu mwingine. Hakumwamini mtu mwingine. Akaweka alama kwenye *hapana*.

Tangu hapo walipokutana kwenye korido walijifanya hawajuani. Kaka, ambaye maisha yote ndiye aliyeamkiwa, alipata mchezo mpya. "Shikamoo, daktari," alimwambia siku ya kwanza mbele za watu, macho yakimcheka. Bi Vipimo akaitikia "marahaba" huku masikio yanawaka moto.

Asubuhi yenyewe ilikuwa ya Jumanne. Saa mbili na nusu sista wa wodi alikuja na kisanduku cha baridi, akachukua chupa tatu kwa ajili ya wagonjwa watatu, akasaini, akaondoka. Chupa ya nne ya kundi lile ilibaki maabara. Utaratibu ulisema kundi lipimwe likishatengenezwa, na chupa moja ya akiba ipimwe tena siku ya kutumika. Kundi lilikuwa limepimwa juzi, mia moja na kumi na nane, safi kabisa. Bi Vipimo alichukua matone machache ya chupa ya nne, akayatia kwenye kichupa cha kioo, akakiweka ndani ya mashine inayopiga mwanga kwenye chembe na kusoma ukubwa wake. Akageuka kutafuta kalamu.

Alipogeuka tena, kompyuta iliandika elfu moja mia moja na arobaini.

Akadhani ni vumbi. Akaosha kichupa, akaanza upya. Elfu moja mia mbili na tano. Akachukua kichupa kingine, kipya, cha kwenye pakiti. Elfu moja na tisini.

Akaiinua chupa kwenye mwanga. Dawa nzuri hufanana na maziwa yaliyozidishwa maji, yenye unjano kwa mbali. Hii ilikuwa hivyo hivyo, ila alipoiinamisha taratibu, aliona vitu vidogo kama vumbi la chaki vikiteleza kwenye kioo. 

Alikwenda kwenye friji. Kipima joto cha mlangoni kilionyesha nyuzi nne, kama kawaida. Akavuta rafu ya chini, akaingiza mkono mpaka nyuma, na vidole vikagusa barafu. Ukuta wote wa nyuma ulikuwa umeota barafu. Chembe zile zikiganda, makoti yake hupasuka, na zikiyeyuka hushikana mabonge. Kila mtu maabara alilijua hilo. Yeye ndiye aliyeliandika kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa friji.

Na yeye ndiye aliyelisogeza sanduku la chupa zile nne. Jana mchana zililetwa chupa za mzizi mpya uliochujwa, nafasi ikakosekana mbele, akalisukuma sanduku nyuma kwa mkono mmoja huku anaongea na mtu. Aliukumbuka hata mkwaruzo wake kwenye rafu.

Akapiga simu wodini. Inatumika. Akapiga tena. Inatumika.

"Usiiachie hii simu!" alimpigia kelele mwenzake aliyekuwa akisaga mizizi chumba cha pili. "Wakipokea tu waambie wasitundike chupa hata moja. Zimeganda!"

"Nani kasema?"

 Bi Vipimo alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Ghorofa tatu alizishuka hajui anakanyaga wapi. Koti jeupe lilinasa kwenye kitasa, mfuko ukachanika, kalamu zikamwagika ngazi nzima. Kwenye ua watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri majina yao yaitwe, nao wakamtazama mwanamke mzima, mwenye glovu mikononi, anakimbia kama amefumaniwa. Kichwani hesabu zilimwenda zenyewe. Chupa zimetoka saa mbili na nusu. Sasa saa tatu na dakika ishirini. Kuandaa dakika ishirini, kupima shinikizo la damu, kutafuta mshipa. Nani anaanza? Mungu wangu, asiwe yeye. Halafu akaona haya, kwa sababu asipokuwa yeye atakuwa mtu mwingine, na huyo mwingine naye ana watu wake.

Na chini ya hofu ile kulikuwa na hofu nyingine, ndogo, ya aibu: akiingia kwa utulivu, akasema tu kuna hitilafu kwenye chupa, siri yake itabaki salama.

Wodi ilikuwa na vitanda vitatu. Kwenye cha kwanza alikaa mwalimu mstaafu, bibi wa miwani minene, anasuka kitambaa huku anasubiri zamu. Cha pili kilikuwa kitupu, mwenye nacho yuko msalani. Kwenye cha tatu, karibu na dirisha, kaka alikuwa amelala chali, na juu yake imetundikwa chupa, na matone yanashuka.

"Funga," alisema Bi Vipimo. Sauti haikutoka vizuri. "Sista, funga dripu!"

Sista aligeuka. Alikuwa mama wa makamo, mtaratibu, asiyependa kukimbizwa. "Kwa amri ya nani? Daktari ndiye anayesimamisha dawa. Kwanza umevaa glovu za maabara, toka nazo humu."

"Dawa imeharibika."

"Wewe mwenyewe umeipitisha. Saini yako hii hapa."

"Nakuambia imeharibika!" Akaunyooshea mkono mpira wa dripu. Lakini mkono mwingine ulimtangulia. Kaka alikuwa ameushika mpira kwa ngumi, ile ngumi ya mtu aliyeinua vyuma miaka thelathini, na hata kukonda kote kule haikufunguka.

"Niacheni," alisema. "Nimesubiri wiki saba. Nimesema nianze mimi, nimeanza. Hakuna wa kunichomolea."

"Utaumia."

"Nitaumia zaidi ya hapa?" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Daktari, kaa mbali na dawa yangu."

Matone yaliendelea kushuka. Bi Vipimo aliyatazama, moja, la pili, la tatu, na kila tone alilijua lina nini ndani. Robo ya chupa ilikuwa imeshaingia. Akapiga magoti pale sakafuni, glovu zake na yote, uso ukawa sawa na uso wa kaka.

"Kaka," alisema. "Kaka, nisikilize. Ni mimi niliyeiharibu. Mimi, Sisimizi. Nililisogeza sanduku kwenye barafu kwa mkono wangu. Si dawa tena hiyo. Nakuomba, achia."

 Sista alimtazama yule, akamtazama huyu. Mwalimu mstaafu aliteremsha kitambaa chake mapajani.

Ngumi ya kaka ililegea polepole. Bi Vipimo akaubana mpira, na tone lililokuwa linaning'inia likabaki pale pale.

"Ulisema unaipima wewe," kaka alimwambia kwa sauti ya chini. Hapakuwa na hasira ndani yake, na hilo ndilo lililomkata maini.

Kisha uso wa kaka ulibadilika. Meno yakaanza kugongana. Kutetemeka kulianzia mabegani kukashuka mpaka kitanda kikalia. "Kifua," alisema. "Kama mtu kanikalia." Midomo ikaanza kugeuka rangi.

Sista sasa alikimbia, tena alikimbia kuliko alivyotarajiwa. Daktari wa wodi, mwanamke kijana mwenye sauti kavu, aliingia na mtungi wa oksijeni ukivutwa nyuma yake. Mpira ukatolewa, barakoa ikawekwa, sindano moja, sindano ya pili.

"Wewe wa maabara!" daktari aliita bila kugeuka. "Chembe zimefika ukubwa gani?"

"Elfu moja mia moja na kitu. Kipimo cha mwisho elfu na tisini. Kuna na mabonge yanayoonekana kwa macho."

"Ameingiwa na kiasi gani?"

"Robo ya chupa. Dakika..." alitazama karatasi ya kitandani, "dakika kumi na nne."

"Zinakwenda wapi?"

"Mapafuni kwanza. Zinaweza kukwama kwenye mishipa midogo. Na mwili wenyewe unazikataa, ndiyo huku kutetemeka." Alijibu kama anayesoma. Kama angesita hata kidogo, asingeweza kuendelea.

"Sawa. Toka nje sasa."

Mlangoni alipita mbele ya mwalimu mstaafu, na bibi yule akamshika koti. "Na yangu, mwanangu?"

"Yako haijafunguliwa, mama. Haitafunguliwa."

Bibi aliitikia kwa kichwa, lakini koti hakuliachia upesi.

Koridoni kulikuwa na benchi la mbao. Bi Vipimo hakukaa. Alisimama ameegemea ukuta, akasikiliza. Mlango ulikuwa na kioo chenye ukungu. Aliona vivuli tu, na kila kivuli kilipoinama alijua kaka amekufa, na kilipoinuka alijua bado. Alijaribu kuomba dua, maneno yakakatika katikati, akaanza upya, yakakatika pale pale. Akavua glovu. 

Kisha ikambidi apige simu nyingine, kwa wifi yake. Alifikiri aseme "hajisikii vizuri". Akasema yote.

Wifi alifika baada ya nusu saa, kanga kaivaa kinyume, kiatu kimoja hakijafungwa. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, na Bi Vipimo alijiandaa kutukanwa. Angeshukuru hata kutukanwa. Wifi alikaa kwenye benchi, akatazama mlango wenye ukungu. Walikaa hivyo saa nzima. Hatimaye aliuliza, "Anapumua?"

"Walivyoniambia mara ya mwisho, anapumua."

"Mara ya mwisho ilikuwa lini?"

"Dakika ishirini zilizopita."

"Nenda kaulize tena."

Akaenda. Akajibiwa bado. Akarudi. Akatumwa tena. Walifanya hivyo mara tano au sita, na pengine kule kutumwa ndiko kulikomzuia asianguke.

Saa saba mchana Profesa, mkuu wa utafiti, alimwita ofisini. Alikuwa mzee mpole, na upole wake siku ile ulikuwa mzito kuubeba. Fomu ilikuwa mezani.

"Swali la tano," alisema.

"Nilidanganya, Profesa."

"Kwa nini?"

"Nilitaka nimpimie mimi. Niliogopa mtu mwingine atakosea."

Profesa alivua miwani, akayasugua macho.   "Leo ungeweza kunyamaza," alisema. "Ungesema mashine ilisoma vibaya. Watu wangeumia watatu badala ya mmoja, na mimi ningehangaika miezi kutafuta sababu. Hilo nitaliandika. Lakini na lile jingine pia nitaliandika."

"Andika, Profesa."

"Rudi kwa ndugu yako."

Saa tisa daktari alitoka. Kutetemeka kumekwisha, alisema, ila mapafu bado yanahangaika. Usiku huu na kesho ndio wa kuangaliwa. Wifi alilia hapo kwa mara ya kwanza. Bi Vipimo hakulia. Kila mlango uliofunguliwa ulimtoa roho, na siku mbili zilizofuata hakula zaidi ya chai, ambayo sasa aliinywa ikiwa moto ikiwa baridi, hajui tofauti.

Siku ya tatu kaka aliondolewa barakoa. Alikuwa amezidi kukonda, macho yameingia ndani, lakini yalikuwa macho yake. Bi Vipimo alisimama miguuni pa kitanda, hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akamtazama kwa muda. "Wamekufukuza?"

"Wamenitoa kwenye dawa. Niko stoo ya mizizi. Napokea magunia."

"Sisimizi na magunia." Alitaka kucheka, kikohozi kikamkatiza. Kilipopita akasema, "Nilikuchukia, unajua. Siku nzima ile. Si kwa ajili ya barafu. Kwa kuninyang'anya dawa."

"Najua."

"Daktari anasema utafiti umesimama wiki sita. Wanabadilisha friji, wanaweka vipima joto kila kona, na kila chupa itapimwa asubuhi ile ile kabla haijatoka. Anasema wakifungua tena, mimi bado nafaa, nikitaka." Akamgeukia. "Wewe umeiona ndani yake. Hawa wengine wananipa matumaini kwa sababu ni kazi yao. Ungekuwa wewe hapa kitandani, ungerudi?"

Bi Vipimo alivuta kiti, akakaa. Angeweza kumwambia hapana, na asingekuwa na hofu tena ya chupa yoyote. Aliuwaza ule uvimbe. Aliwaza vipimo vya panya, walivyopona, na wale ambao hawakupona.

"Ningerudi," alisema. "Ila ningeogopa mno."

"Hiyo ya kuogopa sikuuliza," kaka alisema, akafumba macho, akalala.

Wiki ya nane tangu Jumanne ile alitundikiwa chupa nyingine, iliyopimwa na mtu ambaye Bi Vipimo hakuruhusiwa hata kumuuliza. Siku hiyo alikuwa stoo, amekaa juu ya gunia na simu mapajani, mpaka wifi alipompigia kusema chupa imeisha na mgonjwa analalamika njaa. Baada ya chupa yake ya nne walimpiga picha ya ini. Uvimbe haukuwa umepungua, lakini kwa mara ya kwanza tangu ugunduliwe haukuwa umekua. Daktari alisema ni mapema mno kulipa jambo hilo jina. Kaka alilipa jina papo hapo, akawatangazia wodi nzima kwamba kamshika mwizi shati. Bi Vipimo alipopata habari alikaa kwenye gunia lake, akaweka mikono ya njano usoni, akalia kilio alichodaiwa tangu Jumanne ile. Kisha akainuka kupokea mzigo mwingine, maana gari lilikuwa limeshapiga honi mara mbili.